UZI: Modi yako ya kwanza kwenye gemu ilikuwa ipi? Nimekuta diski yangu ya 2007 stoo

kijana_wa_ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Niko Tanga kwa wazee tangu Ijumaa, leo mama kaniambia nipange stoo maana panya wameanza kuingia, si nikakutana na ile kompyuta yetu ya zamani, ile ya boksi rangi ya maziwa na monita ya kichogo. Nikaifungua nikachomoa diski. Imeandikwa GB 40, na juu yake kuna plasta ya kidonda nimeandika kwa peni MODI ZA SA USIFUTE. Aisee nimekaa juu ya gunia la mkaa dakika kama kumi nzima naitazama tu.

Kwa wadogo zetu, modi ni mabadiliko ambayo mchezaji anayaingiza mwenyewe kwenye gemu, na SA ni gemu la GTA San Andreas. Kwenye PS2 ilitoka Oktoba 2004, kwenye kompyuta ikaja Juni 2005, kwetu nyumbani ikaingia 2007 binamu yangu alipokuja likizo na DVD yake. Tuliicheza mpaka tukawa tunajua kila kichochoro cha Los Santos, ule mji wa ndani ya gemu. Halafu siku moja jamaa wa intaneti kafe ananionyesha picha, San Andreas hiyohiyo lakini barabarani kuna Marcopolo. Nikamwambia hilo gemu lingine. Akasema ni lenyewe, mtu kaweka modi tu.

Ngoja niielezee vizuri maana hii naikumbuka kama jana. Ndani ya folda la gemu kuna folda linaitwa models, na humo kuna faili moja kubwa, gta3.img. Hilo ndio ghala. Magari, watu, nguzo za taa, miti, vyote vimo humo. Unalifungua kwa kaprogramu kanaitwa IMG Tool, unakuta orodha ndefuuu. Kila gari lina faili mbili, dff ndio umbo lenyewe na txd ndio ngozi yake, yaani rangi na picha zilizobandikwa juu. Mimi nilikuwa nazitaka coach.dff na coach.txd, lile basi refu la safari. Unafuta za zamani, unaingiza mpya, unabonyeza Rebuild Archive, na kwenye mashine yetu hapo unaenda kuchota maji ndoo mbili unarudi bado kamstari kanatembea.

Mara ya kwanza iligoma kabisa. Kumbe faili likikopiwa kutoka kwenye DVD linabaki na tiki ya kusomwa tu, mpaka uende propatizi uitoe. Hiyo nilikuja kuijua baada ya wiki mbili, na wiki mbili zote hizo naenda kafe naandika tatizo langu kwenye karatasi nisilisahau kwa sababu dakika zinahesabiwa.

Siku ilipokubali ilikuwa saa tano usiku, mdogo wangu kalala. Nikaandika kodi ya siri (cheat) ya kuleta magari nikazunguka mpaka stendi, nikasubiri. Likapita. Basi jeupe refu na vioo vyeusi, linakata kona pale chini ya daraja. Nilimwamsha mdogo wangu.

Baada ya hapo nikapata TXD Workshop, kaprogramu ka kufungua zile txd, nikaitoa ile ngozi, nikaipaka kwenye Paint mistari ya bluu na nikaandika ubavuni TANGA – DAR. Nikarudisha. Upande wa kushoto safi kabisa. Upande wa kulia maandishi yakasomeka kinyumenyume, RAD – AGNAT, herufi zimegeuka kama kwenye kioo. Sikuwahi kuelewa kwa nini.

Sasa mambo mawili. Moja, tukumbushane, modi yako ya kwanza ilikuwa gemu gani na ilikuaje. Pili, hii diski ni ya ule waya mpana wa zamani, laptopu yangu haina pa kuichomeka. Nifanyeje niifungue bila kuiua?

mzee_wa_lan

Mkuu hiyo inaitwa IDE. Tafuta adapta ya IDE kwenda USB yenye umeme wake wa pembeni, maana diski ya kompyuta ya mezani haiendeshwi na umeme wa USB peke yake. Na nakuomba kitu kimoja, ukiiwasha usianze kufungua-fungua faili kwa hamu, KOPI KWANZA. Diski iliyolala miaka mingi inaweza kukupa nafasi moja tu. Ukisikia inagonga tk tk tk, zima hapohapo.

Yangu mimi ni Counter-Strike, lile gemu la kupigana risasi timu kwa timu, na niliicheza mwaka mzima bila kujua kwamba ni modi. Tulikuwa na chumba cha kompyuta nane pale mtaani, waya zimepita chini ya kapeti, kila Jumamosi tunagawana nne kwa nne kwenye ramani ya de_dust2. Siku moja nafungua folda naona limeandikwa cstrike na limekaa ndani ya folda la Half-Life. Nikajiuliza Half-Life ni nini. Ndio nikasoma kwamba Half-Life ni gemu la 1998 la mwanasayansi na nondo yake, na vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walichukua injini yake wakatengeneza lao, toleo la majaribio likatoka Juni 1999. Wala hawakuwa wafanyakazi wa Valve, kampuni yenye Half-Life. Valve wakaja kuwanunua baadaye, na 2000 likauzwa dukani kama gemu kamili.

Dota nayo hivyohivyo, ilizaliwa kama ramani ya gemu la Warcraft III. PUBG ukiifuatilia mpaka chini unamkuta Brendan Greene akiwa anatengeneza modi za gemu la Arma. Kwa hiyo mtu akiniambia modi ni vitu vya watoto kubadilisha rangi ya gari namwambia akae chini nimsimulie.

fundi_wa_jezi

Uzi wangu huu.

PES 6, gemu la mpira la Konami, mwaka 2008, Mbeya. Mnakumbuka Chelsea inaitwa London FC? Liverpool inaitwa Merseyside Red? Konami hawakuwa na leseni, basi sisi mashabiki tunacheza na timu zenye majina ya ajabu na jezi hazieleweki. Inauma kwa kweli, umetoka kuangalia mechi kibandani Jumapili unakuja kuicheza unakuta timu yako haipo.

Sasa kulikuwa na kitu kinaitwa Kitserver, katengeneza jamaa anajiita Juce. Wallahi kama kuna mtu namdai mkono wa shukrani ni huyo. Uzuri wake huendi kuvuruga ghala la gemu kama mwanzisha uzi alivyofanya. Kitserver inakaa pembeni, gemu likitaka kuchukua jezi yenyewe inaingilia kati inalipatia ya kwako. Kuna folda la GDB, ndani lina uni, na humo kila timu unaitengenezea folda lake, pa ni jezi ya nyumbani ya wachezaji, pb ya ugenini, ga na gb za golikipa. Halafu kuna faili la maandishi map.txt, unaandika namba ya timu, koma, jina la folda. Ukikosea koma tu hakuna jezi.

Nilianza na za Ulaya nilizodaunlodi. Kisha nikawaza, mbona nisiweke Simba na Yanga. Hakuna mtu aliyekuwa nazo, nilitafuta kafe nzima. Ikabidi nichore mwenyewe. Jezi ya PES 6 ni picha moja bapa, kifua, mgongo, mikono, kaptula na soksi vyote vimetandazwa kama nguo ya fundi cherehani kabla hajashona, na lazima iwe PNG ya rangi 256 tu. Yanga ilinichukua siku tatu kwa sababu ya ile kola, kijani ya kola nikiisogeza kidogo inatokea begani. Simba nyekundu ilikuwa rahisi. Nikachukua timu mbili za Uholanzi nikazivua, nikaandika majina ya wachezaji mmoja mmoja kwa pedi kwenye menyu ya edit, golini kwa Simba nikamweka Kaseja.

Jumamosi nikawaita wenzangu. Hakuna aliyeamini. Tulicheza ile mechi mara kumi na moja mfululizo na jirani akaja kuuliza kama leo kuna dabi. Jamaa mmoja wa Yanga alisogea kwenye monita akawa anaangalia ile nembo tu wakati wa mchezo kusimama, hachezi, anaangalia nembo. Ilikuwa ndogo kama punje ya mchele na nilikuwa nimeichora pikseli kwa pikseli.

mvita_oldtown

Habari zenu ndugu zangu wa Bongo, mimi niko Mombasa. Huu uzi umenikumbusha mbali sana.

Mimi pia nlianza na San Andreas lakini mateso yangu yalikuwa tofauti. Rafiki yangu akiweka modi kwake inakubali, mimi nikiweka ileile, kutoka flashi ileile, gemu halifunguki. Nlifuta nikainstoli tena labda mara tano. Kumbe sababu ni toleo. Mwakumbuka ile kashfa ya 2005 iliyoitwa Hot Coffee? Kijana wa Uholanzi anayejiita PatrickW alitoa modi iliyofungua kipande ambacho Rockstar wenyewe walikuwa wamekiacha ndani ya gemu na kukifunga. Kukawa na kelele kubwa Marekani, gemu likapewa daraja la watu wazima tu, na Rockstar wakatoa toleo jipya lililofungwa zaidi. Zile DVD za mwanzo ni 1.0, hizo zilikubali kila kitu. Za baadaye zilikataa script nyingi, yaani modi za kuongeza amri mpya. Dawa yake ilikuwa kutafuta faili la exe la 1.0 ulibadilishe. Sasa hebu fikiria, mtoto wa darasa la nane Mombasa analala na machozi kwa ajili ya kesi ya wanasiasa wa Marekani.

Nlipopata 1.0 ndo nikaweka CLEO ya Seemann, kaprogramu ka kuendesha hizo script, na hapo nkasahau kula. CLEO wewe watupa tu kifaili cha cs ndani ya folda, basi. Lakini kilichonishika ni matatu. Nlipaka basi la mjini manyanga kabisa, michoro mpaka kwa dirisha, kisha naendesha usiku nimefungulia redio ya gemu ile ya kuweka nyimbo zako mwenyewe. Nyimbo za mtaa wetu, mji wa Los Santos.

Na kuhusu RAD – AGNAT ya mwanzisha uzi, jibu lake ni hili. Mwenye kutengeneza lile basi alitumia picha moja kwa pande zote mbili, upande wa pili ukageuzwa kama kioo, ili kuokoa nafasi. Ukitaka kurekebisha lazima ufungue dff yenyewe kwa ZModeler au 3ds Max, uutenganishe ule ubavu wa pili upate picha yake. Paint haiwezi.

kijana_wa_ngamiani

@mvita_oldtown miaka yote hii!! Yaani nilidhani ni mimi nimehifadhi picha vibaya. Asante sana kaka.

Mrejesho: Tanga mjini adapta sijapata, nimeagiza Kariakoo, inakuja na basi kesho.

binti_shangani

Na sie tuliocheza Sims tuna nafasi humu? 😊

The Sims 2, lile gemu la kuendesha maisha ya watu na nyumba zao, kompyuta ya kaka yangu, Zanzibar, nacheza akishaenda kazini. Wenzangu shuleni hawakujua hata kama lipo. Nyumba zilikuwa nzuri, watu wazuri, lakini nguo zote za kwao. Nikajua kuna programu inaitwa Body Shop inakuja na gemu lenyewe, unachagua gauni, inakutolea picha yake ya bmp kwenye folda la Projects, unaipaka unavyotaka halafu unairudisha.

Nikachukua kanga ya bibi. Mnaijua kanga ina pindo, ina mji katikati, na jina lake chini. Nikaitandaza kitandani, nikapanda juu ya kiti nikaipiga picha na simu ya kaka. Picha haikutoka vizuri, taa ya chumbani ilikuwa ya njano, nikaipeleka barazani nikapiga tena mchana. Ikabidi niikate pindo peke yake niizungushe chini ya gauni, na mji uje kiunoni. Jina ndio lilinitesa. Ilikuwa imeandikwa WEMA HAUOZI, na ukiishusha ile picha mpaka saizi ya nguo ya Sims herufi zinakuwa vinukta. Nikaziandika upya kwa mkono, kubwa kidogo kuliko asili, ili mtu akisogeza kamera azisome.

Nilimvisha mwanamke mmoja mtu mzima nikampa jina la bibi. Bibi mwenyewe alikuwa hai bado. Nikamwita aje aone, akavaa miwani, akasogea, akasoma jina la kanga kwa sauti halafu akaniuliza kwa nini hajajifunga ile ya pili kichwani. Nikarudi kazini wiki nzima kutafuta kilemba. Sikuwahi kukikamilisha, kufunika kichwa kulihitaji kutengeneza umbo jipya na Body Shop inabadilisha rangi tu.

fundi_wa_jezi

@binti_shangani dada hii umeniua. Unalo bado hilo faili?

binti_shangani

Sina. Kompyuta iliuzwa. Niliwahi kulipandisha mtandaoni kwenye moja ya zile tovuti za kuhifadhi mafaili lakini RapidShare ilifungwa 2015 na Megaupload ilizimwa na serikali ya Marekani Januari 2012, na langu lilikuwa kwenye mojawapo ya hizo mbili. Ndio maana nimeuingia huu uzi kwa nguvu. @kijana_wa_ngamiani tafadhali ukiifungua hiyo diski usiache kitu humo.

basi_la_usiku

Mimi wa juzi kidogo, msinicheke. Yangu ni BUSSID, Bus Simulator Indonesia, ya Maleo, ilitoka 2017. Kwenye simu. Hapa hakuna cha gta3.img, unapata faili la .bussidmod unaliweka kwenye folda lake, unalichagua ndani ya gemu, limeisha. Ngozi ya basi inaitwa livery, ni picha tu.

Lakini nataka niseme jambo ambalo naona watu hawalisemi. Kwa nini Waafrika Mashariki tulilivamia hili gemu vile? Kwa sababu Indonesia wanaendesha KUSHOTO kama sisi. Usukani kulia. Mlango wa abiria upande wetu. Barabara za San Andreas na za Ulaya bara kwenye gemu la malori la Euro Truck zote ni kulia, ukiweka basi la Kitanzania mlango unatazama katikati ya barabara, abiria ashukie kwenye malori. Mimi baba yangu ni dereva wa mabasi ya mkoani, nilipomwonyesha modi ya San Andreas kwa kaka yangu aliangalia akasema basi zuri ila linapakia upande mbaya. Nilipomwonyesha BUSSID hakusema kitu, alichukua simu.

Na video za mafunzo zote za Kiindonesia, tunaangalia vilevile, unashika dunia, unashika waktu, mengine unafuata mshale wa kipanya. Hata modi za PES za PPSSPP (ile programu ya kucheza gemu za PSP kwenye simu) nyingi tulizokulia ni za kwao, kina Jogress hao. Wale jamaa tuna deni nao kubwa.

mzee_wa_lan

Hii ya kushoto na kulia sijawahi kuifikiria, na ni kweli tupu.

kijana_wa_ngamiani

WAKUU. Adapta imefika. Nimefanya alivyosema mzee, sikufungua kitu, nimekopi. Imewaka kwa mlio kama jenereta ya mbali lakini haikugonga. Imechukua masaa matatu, faili mbili tu ndio zimekataa, zilikuwa nyimbo.

Folda lipo. MODI ZA SA. Basi lipo, coach.dff na coach.txd, ile yangu ya TANGA – DAR na ile ya asili kabla sijaipaka. Na kuna kitu nilikuwa nimekisahau kabisa, faili la readme.txt lililokuja na basi. Sikuwahi kulisoma kwa sababu likifunguka ni alama tupu. Neno la kwanza ni hili: Àâòîð. Mnajua ni nini?

mzee_wa_lan

Hiyo sio uchafu, ni Kirusi. Kompyuta yako inasoma herufi zao kwa jedwali la kwetu. Fungua kwa programu inayokuruhusu kuchagua enkodi, weka Windows-1251. Hiyo Àâòîð itageuka Автор, maana yake mtunzi.

kijana_wa_ngamiani

Imegeuka. Nimepitisha kwenye tafsiri ya mtandaoni, inaeleweka vizuri tu. Ni mistari kama kumi na tano. Anasema umbo la basi amelijenga kutoka mwanzo, miezi minne, jioni baada ya kazi. Anasema taa za nyuma bado hajaridhika nazo. Anawashukuru watu wawili waliompa picha za ndani ya basi. Halafu mwisho anasema mnaweza kulibadilisha, mnaweza kulipaka rangi ya mji wenu, naomba tu msilitenganishe na faili hili.

Na mimi nilikuwa nalitenganisha. Nikiwagawia wenzangu kwenye flashi nilikuwa nafuta readme zote, naziona hazina kazi, na flashi ilikuwa MB 256. Nimegawa lile basi kwa watu labda ishirini Tanga nzima na hakuna hata mmoja aliyepata jina lake. Limenikaa rohoni hili tangu saa nane mchana.

mvita_oldtown

Sote tulifuta ndugu yangu. Ulikuwa mtoto na flashi ilikuwa ndogo. Sasa utafanyaje?

fundi_wa_jezi

Mimi hata Juce nilimjua kwa sababu jina lake linatokea kwenye gemu likifunguka. Hao wengine wote waliochora nyuso, mipira, viwanja, sina hata jina moja. Leo nimetafuta CD zangu, nimezikuta tatu, moja ina mikwaruzo. Jezi za Simba na Yanga nikizipata naleta hapa.

basi_la_usiku

Mkuu tuwekee basi. Na usirekebishe ule ubavu wa kulia, acha RAD – AGNAT kama ulivyoliacha.

kijana_wa_ngamiani

Sirekebishi. Nimeliweka kwenye zip, mafaili ya basi tu, gemu mtatafuta wenyewe. Kuna la asili na kuna la kwangu, na readme yake iko na kila moja, ya Kirusi kama ilivyo na chini yake nimeongeza Kiswahili. Linki iko kwenye posti ya kwanza. @binti_shangani wewe sijakuta cha kwako humu, lakini kuna folda la Sims 2 la dada yangu kwenye diski hiyohiyo, lina faili mia na kitu za package kwenye Downloads, alikuwa anakusanya kila kitu cha mtandaoni. Nitumie ujumbe, tuzifungue moja moja.